Mguu wa Nne wa Kiti cha Mwanzilishi

Tangu wiki iliyopita Mama Hoteli yuko hewani. Tulimwacha pale mguu wa kiti ulipolia kraa, naye akiwa katikati ya kiti na sakafu, mkono mmoja umeshika kofia na mwingine haujui ushike nini. Siku saba ni nyingi kwa mtu wa umri wake. Tumshushe.

Puu!

Mama wa watu, mwenye hoteli kumi na moja, mgeni rasmi wa siku, akatua juu ya vigae kama mtoto wa chekechea: miguu mbele, kofia usoni.

"Mungu wangu!" Mkurugenzi akapiga kelele, akakimbia mikono mbele.

Akampita mgeni. Akaenda kukikumbatia kiti.

"Na mimi nipo hapa chini," sauti ikatoka ndani ya kofia.

Aliyemwinua ni Randa, mdogo wake Mkurugenzi. Jina hilo alipewa na mafundi, kwa kuwa hapajawahi kutokea randa karakanani ikamkatalia. Kaka yake hakupewa jina la kifaa chochote. Alikuwa na suti nne, na hakujua patasi ina makali upande gani.

"Nilisema," akanung'unika Mzee Gundi, fundi mkuu, kutoka nyuma ya ukumbi. "Nilisema kile kiti kina miaka sitini. Gundi yake imekauka kama mkate wa juzi. Nikaambiwa nisimame nyuma, natia doa kwenye picha."

"Mzee, si wakati wake!" Mkurugenzi akafoka.

"Wakati wake ulikuwa kabla mama hajakaa."

Kwa msomaji aliyekuwa safarini, habari ni fupi. Kampuni ya samani ilikuwa inatimiza miaka sitini. Mkurugenzi alikuwa amepaka ukuta mzima wa ukumbi rangi mpya, akaandika maneno matatu makubwa: URITHI, WATU, MAADILI. Chini ya URITHI palikuwa na Kiti cha Mwanzilishi, kiti cha kwanza kutengenezwa na babu yake, kimezungushiwa kamba nyekundu; hapo ndipo Mkurugenzi alipomkalisha mgeni apigwe picha. Chini ya WATU palikuwa na picha kubwa ya watu wanaocheka, ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kufanya kazi pale. Mmoja wao alikuwa ameshika msumeno meno juu. Watu wenyewe, mafundi kumi na wanane, walikuwa wamepangwa karibu na mlango wa choo, wamevalishwa ovaroli mpya ili wasionekane kama mafundi.

Na chini ya MAADILI paliandikwa fahari ya nyumba hiyo: HATUJAWAHI KUPIGA MSUMARI.

Nao mstari wa mwisho, maneno ya mwanzilishi mwenyewe siku zake za mwisho, ulisema: "Funguo za karakana ni za aliyerithi mkono uliotengeneza kiti hiki."

Funguo hizo zilikuwa kwenye mkoba wa Bibi, mjane wa mwanzilishi, aliyekaa mstari wa mbele akishona foronya ya mto kana kwamba sherehe ni ya jirani. Saa kumi alitakiwa kuzikabidhi. Mkurugenzi akizipata, Jumatatu karakana inafungwa, mafundi wote wanakwenda nyumbani, na viti mia tatu alivyoagiza Mama Hoteli vinakuja kwenye makasha kutoka mbali, vya mbao za vumbi lililoshindiliwa. Kazi ya kampuni itabaki kubandika nembo. Randa akizipata, meza za kazi zinabaki pale zilipo.

Sasa ilikuwa saa kumi kasorobo, na kiti kilikuwa kimelala ubavu.

"Mguu umechomoka," akasema Randa, amepiga magoti. "Miwili mingine inacheza. Kaka, sogea, unaukanyaga."

Mzee Gundi akauokota mguu, akaugeuza, akatazama juu kabisa, pale ulimi wa mbao unapoingia kwenye tundu la fremu. Ghafla akanyamaza. Mzee Gundi akinyamaza, watu hutafuta viti.

"Nini?" akauliza Mkurugenzi.

"Alama."

Lazima nieleze desturi ya karakana ile. Fundi akimaliza kuchonga ulimi wa kiungo, kabla ya kuutia gundi na kuuzamisha kwenye tundu, huweka alama yake juu yake. Mmoja huchora samaki, mwingine nyota, mwingine jino, kwa sababu siku hiyo lilikuwa linamuuma. Kisha kiungo hufungwa na alama hupotea. Mteja haioni. Mpiga picha haioni. Ni mpaka kitu kivunjike ndipo ijulikane nani alikifanya, na kama alifanya vizuri pale ambapo hakuna wa kumtazama.

Kwenye ulimi ule palikuwa na duara jeusi, limekatika kidogo upande wa chini kulia.

Duara lile lile lilikuwa getini, kwenye magari, kwenye barua, na kwenye kifungo cha dhahabu cha shati la Mkurugenzi.

Mkurugenzi akaruka kama aliyefunga goli.

"Mmeona! Mmeona, mabibi na mabwana! Alama ya babu! Mama, usisikitike kuanguka. Umetufungulia historia! Mpiga picha, njoo! Huu ndio mkono uliotengeneza kiti hiki, na mimi ndiye mjukuu wa kwanza wa mkono huo." Akafungua kijitabu cha kampuni. "Ukurasa wa nne: 'Pengo katika duara letu ni mlango ulio wazi daima kwa mteja.' Babu alifikiria hayo miaka sitini iliyopita!"

Watu wakapiga makofi. Katikati ya makofi ikasikika sauti ya mtu anayejizuia kucheka akashindwa.

Alikuwa Bibi.

"Samahani," akasema, akifuta macho kwa foronya. "Mlango. Eti mlango!"

"Bibi?"

"Hilo pengo ni drili, mjukuu wangu. Drili ilitafuna subana yangu, nusura itafune na kidole."

Akavua subana ya chuma kidoleni, ile anayoshonea kila siku. Mdomo wa subana ulikuwa na pengo dogo.

"Mzee Gundi, nipe hiyo rangi ya kupakia mbao."

Akachovya mdomo wa subana kwenye kopo, akaugandamiza kwenye kijitabu, ukurasa wa nne, katikati ya neno "daima". Akauinua. Duara jeusi, pengo chini kulia.

Mama Hoteli akakiinua kijitabu, akakilinganisha na ulimi wa mguu. Akalinganisha na getini kupitia dirishani. Mwisho akalinganisha na kifungo cha shati la Mkurugenzi, akimvuta karibu kwa tai.

"Ni duara moja," akasema.

"Bibi," Mkurugenzi akasema polepole, "wewe ulikuwa unapika chai. Imeandikwa. Ukurasa wa sita. 'Nyuma yake alikuwepo mke mwema aliyepika chai.'"

"Nilipika pia. Chai haimalizi siku nzima."

"Na babu?"

"Babu yako alikuwa na mdomo. Mwanamume yule angeweza kumuuzia samaki taulo. Alikuwa anabeba kiti kichwani anazunguka nacho mitaani, anakisifia mpaka unaona aibu kukaa chini maisha yako yote. Lakini akishika patasi, mimi nilikuwa nawatoa watoto chumbani." Akarudisha subana kidoleni. "Tulipatana. Mimi nichonge, yeye aseme. Wakati huo nani angenunua kiti cha mwanamke? Duara aliliona kwenye ulimi, akalipenda, akalichora getini. Hakuwahi kuniuliza pengo ni la nini."

Nyuma, karibu na choo, fundi mmoja akaanza kupiga makofi peke yake, akajishtukia, akajifanya anaua mbu.

"Sasa kwenye karakana hii," akaendelea Bibi, "ninamjua mtu mmoja niliyemkalisha nyuma ya nyumba tangu ana miaka saba, nikamwekea mbao mkononi. Wewe, mjukuu wangu, nilikuita pia. Ulisema vumbi linakupa mafua."

"Linanipa kweli!"

"Basi utapumzika."

Mkono wake ukaingia kwenye mkoba. Funguo zikalia.

"Ngojeni!" Mkurugenzi akanyoosha mikono kama askari wa barabarani. "Subana si ushahidi. Mke angeweza kugonga alama kwenye kazi ya mume. Ukuta unasema mkono, na mkono unaonekana kwa kazi. Kama kweli dada ameurithi, akitengeneze kiti hapa hapa, mbele ya mgeni wetu. Viungo vyote!"

Alidhani amemkomoa. Mtu asiyejua kazi hudhani kila kazi ni ngumu, hata ile ambayo dada yake huifanya akiwa anaimba.

"Kaka, una uhakika?" akauliza Randa.

"Viungo vyote," Mkurugenzi akarudia, akitabasamu kwa mpiga picha.

Mzee Gundi alikuwa ameshakwenda kuleta sufuria ya gundi ya moto. Hakutumwa.

Randa akavua koti la sherehe, akabaki na blauzi. Akapangusa ulimi kwa kitambaa cha maji moto, akakwangua gundi ya zamani kwa patasi, pole pole, akiuzunguka ule mduara bila kuugusa. Akagonga mguu wa pili kwa nyundo ya mti, ukatoka: duara. Wa tatu ukatoka: duara. Ndimi zote tatu zilikuwa zimenyooka, kingo kali kama zimechongwa asubuhi ile.

"Mwanamke aliyechonga hivi," akanong'ona Mzee Gundi, "ukamwandika chai."

"Mzee, nyamaza," akasema Mkurugenzi, lakini bila nguvu.

Randa akaushika mguu wa nne.

"Huo uache," akasema Bibi.

Akasema haraka mno. Kila mtu akasikia.

"Bibi, lazima vifungwe pamoja vyote, ndivyo ulivyonifundisha. Ukiacha mmoja, kiti kinakaa kombo."

"Huo ni mzima. Uache."

Mkurugenzi akanusa. Hana pua ya mbao, lakini harufu ya aibu ya mtu mwingine anaijua vizuri.

"Nilisema viungo vyote," akasema. "Au mkono umechoka?"

Randa akagonga. Mguu haukutikisika. Akagonga tena. Akapapasa ndani ya fremu kwa kidole, akakuta sehemu laini. Nta. Akaikwangua kwa ncha ya patasi. Ikatoka nta, likatoka vumbi la mbao lililochanganywa na gundi, na chini yake kikang'aa kitu.

Mzee Gundi akawasha tochi, akachungulia. Akaizima upesi.

"Nini?" akauliza Mama Hoteli, aliyekuwa amekaa mita tatu pembeni, akijikanda nyonga.

Mkurugenzi alikuwa ameshapiga magoti, suti na yote, kichwa chake kimegusana na cha dada yake chini ya kiti.

"Ni nini hicho?"

"Msumari," akanong'ona Randa.

Kwa sekunde moja Mkurugenzi alifurahi. Kisha akainua macho, akausoma ukuta wake mwenyewe, herufi zenye urefu wa mkono: HATUJAWAHI KUPIGA MSUMARI. Akatumbua macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Funika," akasema.

"Nini?"

"Funika, dada. Rudisha nta. Yule mama hakuja kwa sababu ya sura yangu, alikuja kwa sababu ya maneno yale. Akiuona huo msumari anaondoka, na viti mia tatu vinaondoka." Jasho lilikuwa linamdondoka kwenye tai. "Sikiliza. Sema ni ulimi kama mingine. Neno moja tu. Mimi sitapinga tena. Chukua funguo, chukua karakana, hao wazee wako wote kumi na wanane wabaki mpaka wang'oke meno. Nani ataona? Ni ndani ya kiungo!"

Randa akatazama mlango wa choo. Watu kumi na wanane walikuwa wamenyoosha shingo. Hawakusikia kitu, lakini walijua kuna kitu. Yupo mmoja ambaye mke wake alijifungua juzi. Na hapo kando yake yupo Mzee Gundi, ambaye ukimtoa karakanani hajui pa kuweka mikono.

Neno moja tu, na wote wamepona.

"Binti," akaita Mama Hoteli. "Umeona nini humo?"

Randa akatoka chini ya kiti. Akajipangusa magoti.

"Msumari, mama," akasema. "Mmoja."

Mkurugenzi akafunika uso kwa kijitabu.

Mnong'ono ukazunguka ukumbi kama feni. Mama Hoteli akafungua mkoba, akatoa karatasi ya agizo, akaikunja mara mbili. Mara tatu.

"Niliupiga mimi," akasema Bibi.

Aliweka foronya chini. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo mikono yake kukaa mitupu.

"Nilikuwa nimemaliza miguu mitatu. Akaja mume wangu, akasimama pale mlangoni, akasema: 'Mke wangu, niachie mguu mmoja. Nitakwenda kusema huko mitaani kuwa ni kiti changu. Niachie mmoja, nisiwe mwongo mzima.'" Akatabasamu kidogo. "Akachonga kutwa nzima. Akachonga ulimi mwembamba kama ukope. Mguu ukawa unacheza kama jino la mtoto. Akaniuliza, 'Umeshika?' Nikamwambia umeshika. Akaenda kuoga, avae shati jeupe, akauze. Alipokuwa anaoga, nikachukua msumari."

"Hakujua?" akauliza Randa.

"Alikwenda akawaambia watu, kiti hiki hakina msumari. Aliamini. Akasema hivyo miaka arobaini na mbili, mpaka anazikwa. Ningemwambia siku gani?"

Mzee Gundi akapenga kamasi kwa kitambaa cha msasa, akaumia, akalaani.

Ndivyo msingi wa maadili ya kampuni ulivyokuwa: nyundo mbili za haraka, wakati mwanamume anaimba bafuni.

Na bado, msomaji, tazama kichekesho chenyewe. Ndimi tatu zilizochongwa na mkono bora wa nyumba ile zilikuwa zimelegea na kuachia. Mguu ambao haukutikisika hata Mama Hoteli alipoanguka nao ni ule uliochongwa vibaya kuliko yote.

Randa akapaka gundi, akazamisha miguu mitatu, akazungusha kamba kwenye kiti chote, akaikaza kwa kijiti mpaka viungo vikatoa machozi ya gundi. Mguu wa nne akauacha na msumari wake. Akakisimamisha kiti juu ya vigae. Hakikukaa kombo.

"Mpaka kesho asubuhi," akasema. "Gundi ishike. Kisha kitakaa miaka sitini mingine."

Mama Hoteli akainuka. Akatembea taratibu mpaka kwenye kiti, akaikunjua karatasi yake, akaiweka juu ya kamba nyekundu.

"Nimekaa kwenye viti vingi," akasema. "Wauzaji wote huniambia ndani kuna ulimi. Nikivunja, nakuta misumari. Leo ni mara ya kwanza naambiwa na mtu ambaye uongo ungemfaa kwamba ndani kuna msumari." Akamgeukia Bibi. "Mama, mwenye funguo ni wewe. Lakini agizo ni langu, na litakwenda zinakokwenda funguo. Unaonaje tukiache kiti kiamue?"

"Kiti?" akauliza Bibi.

"Nikae tena. Kikinibeba, funguo ni za binti na viti mia tatu vitatoka kwenye meza hizi. Kikianguka, huyu kijana wa tai afunge karakana yake kwa amani."

"Nakubali!" Mkurugenzi akaruka kutoka chini. Miguu mitatu yenye gundi mbichi: hesabu hiyo hata yeye aliiweza.

Bibi akazitoa funguo, akaziweka juu ya goti lake.

"Mama, hapana!" akasema Randa. "Kesho! Gundi ni mbichi, haijashika hata nusu!"

"Kesho kila mtu atakuwa na maelezo," akasema Mama Hoteli.

Akamkabidhi mpiga picha kofia. Akavua viatu. Akakipa kiti mgongo, na nyuma kabisa, karibu na choo, mafundi kumi na wanane wakashikana mikono bila kujijua.

Randa akajitupa sakafuni, akaikumbatia miguu miwili kwa mikono yake miwili. Mzee Gundi akaudaka wa tatu, goti moja chini. Wa nne hapakuwa na wa kuushika.

"Huo uacheni," akasema Bibi. "Huo ni wa mume wangu."

Mama Hoteli akakunja magoti, akaachia uzito wake wote. Na hivi tunavyozungumza, yuko hewani.